Pole ya Mbwa wa Sture

Rehema,

Salamu nimeziruka, maana tangu Jumatatu jioni nazituma kwa simu na hazifunguliwi. Nimekaa jikoni, hapa hapa Hallunda, kwenye kile kiti chako chenye mguu mbovu, kwa sababu changu kimebeba nguo za kazi. Nje bado kuna mwanga. Kesho unapanda treni kwenda Jämtland, kaskazini kabisa, kuishi kwenye kibanda cha mbao katikati ya msitu, peke yako, wewe na dubu na mbwa mwitu na sijui nani mwingine huko aliyekualika. Na kitu cha mwisho ulichosikia kinywani mwa baba yako ni hiki: "Basi nenda ukaishi na hayawani wenzako."

Nilisema Jumapili, mbele ya wageni, wakacheka. Na mimi unanijua, watu wakicheka huwa naongeza. Nikaongeza la mkia, nikaongeza la kulala kwenye pango. Wewe ulivaa koti lako, ukasema unakwenda Flemingsberg kwa rafiki yako wa chuo, ukafunga mlango taratibu. Bora ungeubamiza.

Sitaki uondoke na neno lile. Ndiyo sababu ya barua hii, na yote mengine utakayoyakuta humu ni baba yako anazungukazunguka kabla ya kufika.

Habari za soksi za sufu na kuni na taa ya kichwani mama yako atakwambia, nasikia ameshanunua nusu ya duka. Mimi nina maneno tu, na hayo ninayo mengi. Shule niliiacha darasa la sita na mwalimu alinishukuru. Lakini lugha sita nazungumza, ya saba natukania. Kiswahili nilikipata kwenye lori, nikiwa utingo wa Kampala–Mombasa, na Mombasa wenyewe walinisahihisha mpaka siku moja nikaanza kuwasahihisha wao. Treni ya chini ya ardhi nimeiendesha kabla wewe hujaota meno. Wakubwa wa nchi hii wamesimama nyuma yangu wameshikilia bomba kama watu wengine, nikipiga breki wanayumba kama watu wengine. Haya umeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Ngoja nikupe usiyoyasikia.

Jumapili ulipoeleza kazi yenyewe, kwamba utafuata nyayo za mbwa mwitu kwenye theluji, na mtu akiuliwa kondoo wake utakwenda kukagua mzoga na kuamua nani kaua, mimi sikukuona wewe. Nilimwona bwana mmoja mwenye kofia ya kijani.

Babu yako alilima mpakani mwa mbuga. Mbuga ile ambayo Wazungu wanapanga foleni kuiona, sisi tuliiona kila siku bila kiingilio. Tembo walikuwa wanakuja mihogo ikikomaa, si kabla. Wana kalenda yao. Tulipiga madebe, tulichoma pilipili, babu yako alipiga kelele mpaka sauti ikamtoka ikabaki pumzi tu. Mwaka mmoja walikula shamba zima, wakasukuma na ghala likalala chini. Asubuhi akaja bwana wa mbuga, kofia ya kijani, akapima nyayo kwa fimbo, akaandika.

"Tumeona," akasema.

Babu yako akamuuliza, "Mmeona. Na mimi?"

Yule bwana hakuelewa swali. Akaruka vinyesi vya tembo kwa uangalifu, asichafue viatu, akaenda zake. Hata pole hakutoa. Mtu amekosa chakula cha mwaka, ghala limelala kifudifudi kama mlevi, na wewe unashindwa kusema pole, neno lisilolipiwa ushuru.

Ndiyo maana nilikuuliza Jumapili kama unajua babu yako alikula nini mwaka ule. Ukanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yako ukitaka kufunga mazungumzo: "Det är inte samma sak, pappa." Si kitu kimoja. Labda kweli si kitu kimoja. Katika nchi hii mbwa mwitu ana wakili, ana ramani, ana mtu wa kumhesabia watoto. Babu yako alikuwa na debe.

Lakini kuna jambo la pili, nalo nimelificha kwenye kicheko. Unajua ile hadithi yangu ya harusini, ya mtu aliyeomba radhi kwa niaba ya mbwa mwitu? Ile inayowaangusha watu vitini? Wewe umekua ukiisikia, na najua ukiona nashika kipaza sauti unakwenda kunawa mikono. Leo nakupa bila kipaza sauti.

Nilikuwa sijamaliza miaka miwili nchini. Kijana, najua kila kitu, Kiswidi changu cha kununua mkate. Mtu akaniambia kuna mzee Hälsingland anatafuta mwangalizi wa kibanda chake cha msituni kwa msimu wa baridi. Kuwasha jiko, kupasua kuni, kulisha mbwa wawili wa kuwindia. Mzee anaitwa Sture. Alikuwa mrefu, mkimya, maneno yake ya wiki nzima mimi nayamaliza nikifunga kamba za viatu.

Asubuhi ya kwanza nikamkuta mnyama uani. Älg, wale kulungu wakubwa unaowapenda wewe, mwili wa ngamia, uso kama umegongwa na mlango. Amesimama anakula matofaa yaliyogandia mtini. Mimi nikafanya nilivyofundishwa na baba yangu. Nikachukua sufuria mbili nikatoka nazipiga, naruka, napiga ukelele wa kwetu. Mnyama akanitazama kama mama yako anavyonitazama. Sture akatoka na chupi ndefu za sufu.

"Sulemani! Anakula tu!"

Anakula tu! Kwetu "anakula tu" ndiyo njaa yenyewe. Lakini mzee alicheka mpaka akashikilia nguzo, na tangu siku hiyo tukawa watu.

Na hapa, mwanangu, nikwambie, nilipapenda. Sijui nikuandikieje. Kulikuwa na mbweha anapita nyuma ya choo kila alfajiri kama mtu anayewahi zamu, hatazami huku wala kule. Kulikuwa na panya ukutani na bundi juu ya paa anayewasubiri, na mimi katikati nakunywa chai. Siku moja Sture alinichukua mbali, akanionyesha shimo kwenye theluji, mahali älg alipolala. Akanivua glavu yangu, si yake, yangu, akaubana mkono wangu pale chini. Kulikuwa na joto. Mnyama alikuwa ameondoka muda huo huo kutupisha, na joto lake bado liko. Mkono niliuacha pale mpaka joto likaisha. Nilifikiri, Mungu wangu, kumbe mtu anaweza kukaa na hawa bila debe.

Nilitaka kubaki. Sture alikuwa ameshaanza kunionyesha chumba kidogo cha nyuma na kupima kitanda kwa mikono.

Kisha Mira akafa. Mbwa jike wa kijivu, kipenzi chake. Sture alikuwa ameondoka asubuhi na yule mbwa mwingine, Mira kabaki bandani. Mimi napasua kuni upande wa pili, mashine ya redio inapiga, sikusikia kitu. Mchana mzee akarudi, amembeba Mira ndani ya koti lake. Alimkuta njiani. Mbwa mwitu walikuwa wamemfungua tumbo. Mzee analia bila sauti, ndevu zimeshikana na barafu.

Mtu amefiwa. Wewe ungefanya nini? Nilitupa shoka, nikavua kofia, nikaweka mkono kifuani. Nikatafuta Kiswidi cha pole. Kwenye Kiingereza chetu cha Kampala pole ni sori, na sori kwenye kamusi yangu ya mfukoni ilikuwa förlåt. Nikasema, "Förlåt, Sture. Förlåt, förlåt."

Akasimama. "Umefanya nini?"

Mimi Kiswidi chake nilikipata nusu. Nilidhani ananiuliza nimesikiaje, au ananiuliza nimeona. Nikatikisa kichwa kama unavyotikisa msibani, nikarudia kwa machozi, maana nilikuwa nimempenda yule mbwa: "Förlåt, förlåt sana."

Akatazama banda. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini mbwa hayumo. Hiyo kwake ilitosha. Huyu amemfungulia, kisha amefunga. Na sasa amekiri mwenyewe, kwa machozi.

Sikupigwa, sikutukanwa. Ingekuwa nafuu. Aliniwekea begi langu kwenye gari, akanipeleka kituo cha basi, njia nzima kimya, na ule haukuwa tena ukimya wetu wa zamani. Wakati gari linageuka uani ndipo nikaona shimo. Mira alichimba chini ya seng'enge, upande wa nyuma, na theluji ilikuwa imeanza kulijaza. Nikapiga kelele, "Sture! Sture!" Nikaonyesha kwa kidole. Neno la shimo kwa Kiswidi sikuwa nalo. Mimi mwenye lugha sita. Sture hakugeuka.

Baadaye, darasani Stockholm, nilimuuliza mwalimu. Akaniambia förlåt husemwa na mwenye kosa.

"Na asiye na kosa anasemaje?"

"Inategemea. Kwa msiba kuna maneno yake."

"Na mtu akianguka tu njiani, hukumsukuma wewe?"

Mwalimu akafikiri. Akafikiri tena. "Oj," akasema.

Oj! Darasa zima la Wasomali na Wakongo na sisi tuliangua kicheko. Nchi nzima, mtu kaanguka, wana oj, kama sisi tunavyosema lo. Hapo ndipo wageni wangu wa harusini hupiga meza, na hapo ndipo huwa namaliza.

Lakini haikuishia pale. Iliniingia. Nilijifundisha kwamba katika nchi hii ukimpa mtu pole unajitia kitanzi. Kazini, abiria akianguka, mdomo wangu umefungwa. Jirani akifiwa, natikisa kichwa kwa mbali. Nikasema ndiyo ustaarabu, ndiyo ujanja wa mjini, na nikawafundisha wageni wenzangu wapya kwa majigambo: Msiseme hilo neno, mtajikuta mahakamani.

Ulikuwa mdogo, ulikuwa unaning'iniza miguu kwenye kiti cha hospitali na boksi la juisi. Mama yako alikuwa amepoteza mtoto tumboni, mtoto wa kiume, alikuwa ameshaanza kucheza. Nikaingia chumbani nikiwa na sare za kazi. Nikasema kichekesho. Sikikumbuki, kilihusu chakula cha hospitali. Mama yako akanitazama.

"Baba Rehema. Hata pole?"

Na mimi, mtoto wa mtu aliyeliwa mihogo akanyimwa pole, nikamjibu, "Kwani mimi nimefanya nini?"

Kwa Kiswahili. Kwa mwanamke wa Tanga, ambaye pole kwake ni kama maji ya kunawa. Akageukia ukutani. Alikaa nami miaka mingine baada ya pale, alinipikia, alinifulia, lakini alibaki amegeukia ukuta ule mpaka alipohamia Sundbyberg. Watu wanasema alifuata bwana mwenye gari zuri. Uvumi huo niliuanzisha mimi. Ukiukuta huko njiani, uue.

Sasa wiki hii, kwa kuwa simu yangu huipokei, nimempigia yeye aje akuletee barua stesheni. Alipopokea nikajikuta nimesema, "Mama Rehema, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya yule mtoto."

Nilisikia bomba la maji likifungwa upande wake.

"Baba Rehema," akasema, "mtoto huyo sasa angekuwa ananyoa ndevu."

Nikasubiri aniambie amenisamehe, kama kwenye sinema. Hakuniambia. Akasema tu, "Hiyo barua ilete kabla ya magharibi, nina wageni." Basi. Pole yangu aliipokea kama mtu anavyopokea kitu kilichopotea zamani, ameshanunua kingine. Nilikaa na simu mkononi nikajiona mjinga mkubwa, na nikaona pia kwamba ningeisema palepale hospitalini isingenigharimu chochote. Nisingekuwa nimekiri kitu. Ningekuwa nimekaa tu karibu naye.

Sihubiri. Msikitini wananijua, mimi hotuba hunilaza. Lakini wewe kesho unakwenda kuvaa ile kofia ya kijani, Rehema, hata kama yako ni ya rangi nyingine. Utafika kwa mtu amekuta kondoo wake wametapakaa, matumbo kwenye theluji, na watoto wake waliowapa majina wanachungulia dirishani. Utakuwa na kamera, na tepu, na kile kipimo cha nafasi ya meno ulichonionyesha. Atakuona: msichana, mweusi, wa Stockholm, ametumwa na serikali ya mbwa mwitu. Atakuchukia kabla hujazima gari. Na wewe una moyo, nakujua, utaogopa, na ukiogopa unakuwa fundi, unapiga Kiswidi kikavu cha ofisini. Utapima. Utaandika. Utasema: Tumeona.

Mimi sikulipata neno la kumpa yule mzee. Wewe umezaliwa humu. Kiswidi kimekunyonyesha pamoja na mama yako. Kama lipo neno la kumpa mtu pole bila kujitia kosani, wewe utalijua, na kama halipo, simama naye kidogo kabla ya kutoa tepu. Kahawa yake inywe hata ikiwa mbaya, na itakuwa mbaya. Halafu useme ukweli wako, hata kama ni kwamba kondoo wameuawa na mbwa wa jirani na si mbwa mwitu, na hatalipwa. Atakutukana. Mwache atukane. Babu yako alikuwa na matusi yake yote tayari siku ile na hakupata wa kumtukana.

Na mbwa mwitu wenyewe siwapendi, usije ukadhani barua imenilainisha. Waliniulia Mira na wakanitoa kwenye kitanda kilichokuwa kinapimwa. Wewe unaposema wao walikuwa pale kabla yetu, mimi nasikia sauti ya bwana wa mbuga. Tutagombana hili mpaka nife, na ninakuomba tugombane. Nipigie unitukane kwa Kiswidi. Nitaelewa yote, hata yale ninayojifanya sielewi. Dubu akipita dirishani nipigie uniambie, nitakwambia chukua sufuria, utacheka, itakuwa mazungumzo.

Lile la Jumapili nalirudisha. Si la kwako, halikuwa na kitu cha kwako ndani yake. Nilikuona unakwenda mahali nilipofukuzwa mimi, unakwenda kwa barua ya kazi, na ufunguo, na gari la serikali, na kila neno la kujitetea mdomoni mwako, shimo, banda, seng'enge, yote. Nikaona wivu, mwanangu. Mtu mzima na mvi zake amemwonea mtoto wake wivu, akaufunika kwa kichekesho, kama anavyofunika kila kitu.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Jumatatu asubuhi, hasira bado ziko moto, nilikwenda ofisini kwetu nikaomba nipangiwe zamu ya kesho, ili mtu akiniuliza kwa nini sikumsindikiza binti yangu niseme kazi. Wakanipa kwa furaha. Tangu jana nahangaika kuirudisha. Nimewaomba Waganda wote, nimemwomba Mkongo, nimemwomba hata yule ambaye hatusalimiani. Hakuna anayebadilishana, kila mtu ana lake. Kwa hiyo wakati mama yako anakukabidhi bahasha hii pale juu, mimi nitakuwa chini ya miguu yenu, kwenye giza, nina treni nzima ya watu mgongoni, siwezi kusimama wala kupiga honi.

Zamu yangu inaisha muda mfupi tu baada ya treni yako kuondoka. Treni za kaskazini nimezitukana miaka yote kwa kuchelewa, wewe ni shahidi, nimewacheka madereva wake mbele za watu. Kesho naomba hiyo yako ichelewe. Ikichelewa, usiingie ndani haraka. Simama mlangoni utazame zile ngazi zinazopanda kutoka kwetu chini.

Ikitoka kwa wakati, basi umeondoka, na mimi nimekukosa kwa mkono wangu mwenyewe.

Baba yako,
Sulemani